Nakarabati jiko Kisumu, nataka vifaa visivyoumiza mazingira. Nianzie wapi?

Nyar_Kano (mwanzilishi wa uzi)

Oyawore wadau. Nyumba ni ya marehemu baba, iko Mamboleo, ilijengwa 1986. Nimerudi kuishi na mama baada ya miaka mingi Nairobi, na jikoni ndiko kunakoniumiza kichwa.

Makabati ya chini ni ya chipubodi. Bomba chini ya sinki lilivuja muda mrefu bila mtu kujua, sasa ubao umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ukibonyeza, kidole kinazama. Kaunta ni slabu ya zege iliyofunikwa vigae vyeupe, na karibu robo ya vigae imebanduka. Sakafu ni ile simiti nyekundu ya kupigwa nta, ina ufa mmoja kutoka mlangoni hadi dirishani. Chumba ni futi 10 kwa 12.

Nilimwita mtu wa mapambo ya ndani. Akaniambia nikitaka jiko linalojali mazingira ninunue mbao za mianzi za kutoka ng'ambo, kaunta ya mawe yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, na vigae vipya ukutani na chini. Kwanza tung'oe kila kitu. Aliponitajia bei nilimuuliza kama ni pamoja na nyumba.

Sielewi. Kuvunja jiko zima, kumwaga kifusi, halafu kuleta lingine kwa meli, hapo mazingira yanapona wapi? Nisaidieni kuhusu kaunta, makabati, rangi na sakafu. Na mkumbuke Kisumu ni joto.

Fundi_Kondele

Dada, chipubodi ikishalewa maji haina dawa, toa. Lakini slabu usiiguse. Chukua nyundo ndogo, gonga upande wa chini kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti ikiwa kavu, ni nzima. Ikilia kama debe tupu, zege limeachana na chuma, hapo tuongee. Slabu nyingi za miaka ile zilimwagwa na watu ambao hawakuwa wamejifunza kuiba simiti.

Ikiwa nzima, bandua vigae, donoadonoa uso kwa patasi ili upate mahali pa kushika, osha vumbi lote, pakaza uji wa simiti, kisha mwaga terazo, yaani simiti yenye vipande vya marumaru, ya unene wa sentimita 2. Mimi hupima simiti moja kwa vipande vya marumaru viwili na nusu. Mwagilia maji siku saba. Ukiniambia siku mbili zatosha tafuta fundi mwingine. Kisha ni kusaga: jiwe la kukwaruza kwanza, unaziba vitundu kwa uji wa simiti, unasubiri, unarudi na jiwe laini. Kelele na tope ni nyingi, tahadharisha majirani.

Sakafu nyekundu pia iache. Ufa upanue kidogo, uzibe, uchanganye oksaidi nyekundu, ile rangi ya unga. Rangi haitalingana na ya zamani. Atakayekuambia italingana ni mwongo.

Bwana_Hesabu

Fundi anatetea ugali wake. Simiti peke yake huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Leo ndiyo imekuwa rafiki wa mazingira? Dada, weka mbao juu.

Mwalimu_Kemia

Bwana Hesabu, jina lako linakudai. Hebu tupige hesabu yenyewe.

Ni kweli, jiwe la chokaa likichomwa tanurini huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na moto wa tanuri unaongeza yake. Hapo sibishi. Swali ni kiasi. Kaunta ya mita 4, upana sentimita 60, unene sentimita 2, ni lita 48 za terazo. Simiti humo haifiki mfuko mmoja wa kilo 50. Hata nikiuhesabu mfuko huo kwa ukali, ni kama kilo 40 za hewa ya ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Basi kaunta nzima ni kama lita 17 za petroli. Mtu wa mapambo akitoka Nairobi na gari lake kuja kupima jiko na kurudi, ameshapitisha hapo.

Kinachouma ni kuvunja slabu nzima na kumwaga nyingine, yenye chuma ndani. Hapo simiti inazidi, kifusi kinatafuta pa kwenda, na jiko limebaki na kazi ileile.

Ukifika hadiwea soma mfuko. Ulioandikwa CEM IV 32.5 una pozolana, yaani majivu ya volkano, iliyochukua nafasi ya sehemu ya simiti iliyochomwa; ukiandikwa IV/B, pozolana ni kati ya asilimia 36 na 55. Kwa kaunta inatosha kabisa. Inakomaa polepole, ndiyo maana fundi anasisitiza siku saba.

Shemeji_wa_Wote

Mwalimu, badala ya marumaru tukisaga chupa za bia? Ninazo za kutosha, msiniulize kwa nini.

Mwalimu_Kemia

Shemeji, wazo si baya, lakini kioo ni silika, na simiti ina alkali. Vikikutana penye unyevu hutengeneza ute unaovimba na kupasua terazo kutoka ndani, pengine baada ya miaka. Simiti yenye pozolana hupunguza balaa hilo, na kioo kilichosagwa laini hakina shida kama vipande vikubwa. Mimi ningefanyia majaribio kibarazani, si jikoni kwa mama ya mtu.

Na kabla hujauliza: maganda ya mpunga ya Ahero hutoa jivu zuri la kuchanganya na simiti, ila lazima yachomwe kwa joto lililodhibitiwa. Jivu la jikoni kwako halifai.

Mama_Kiamunyi

Nyar Kano mwenzangu, nikusimulie yangu ya Nakuru ili yasikupate.

Mwaka 2021 niliweka makabati ya MDF, meupe, yanang'aa, milango inajifunga pole pole kama ya hoteli. Wiki ya kwanza tulipiga picha. Wiki ya pili macho yakaanza kuniwasha kila nikiinamia kabati la sufuria, na kitinda mimba wangu akawa anakohoa usiku. Nikalaumu rangi ya ukuta. Jirani yangu muuguzi ndiye aliyeniambia niingize kichwa kabatini nivute pumzi. Ilikuwa harufu ya maabara ya shule, ile ya chura ndani ya chupa.

Ndiyo hiyohiyo. MDF ni unga wa mbao, chipubodi ni vipande vya mbao, na mara nyingi vinashikwa kwa gundi yenye formaldehidi. Ubao huendelea kuitoa hewani, zaidi miezi ya mwanzo, na joto na unyevu vikipanda inatoka kwa wingi. Mimi niko Kiamunyi tunakovaa sweta mwezi wa Julai na bado nililia machozi. Wewe uko Kisumu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka formaldehidi mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kabati litakuua. Nasema usilale na mtoto chumba kilichojaa MDF mpya.

Niliyoyagundua: huwa uso wa mbele umefunikwa vizuri, lakini kingo za nyuma, matundu ya skrubu na pale fundi alipokata nafasi ya bomba vimeachwa uchi. Hapo ndipo harufu inapotokea, na hapo ndipo maji yanapoingia. Nilitoa kila kitu, nikapaka vanishi ya maji mara mbili kila palipokuwa wazi, nikaacha milango na madirisha wazi mwezi mzima. Ilipungua sana. Ukilazimika kununua, uliza ubao wa daraja E1, unaotoa formaldehidi kidogo, na muuzaji akikukodolea macho, ondoka.

Nyar_Kano

Mama Kiamunyi, pole kwa mtoto. Mimi nilikuwa karibu kulipia MDF, kusema kweli. Nimeifuta kwenye orodha. Sasa mbao gani?

Omusakhulu_Shinyalu

Mulembe. Mbao iko mlangoni kwako, nayo ni grevilea. Mti wa mpakani mwa shamba, mkulima anaukata matawi kwa kuni, akiuangusha anapanda mwingine, na hakuna msitu ulioguswa. Ukipasuliwa vizuri ubao wake una madoa kama manyoya ya kanga. Sipresi nayo inafaa kwa fremu za ndani, ila ina vifundo vingi. Blugamu achia nguzo. Inapinda na kupasuka hata ukiitazama tu.

Shida ya grevilea ni kwamba inauzwa mbichi. Mlango wa mbao mbichi Januari unapinda kama ndizi. Nunua mapema, panga mbao kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite katikati, kisha chagua ubao mmoja uupime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiendelea kupungua, bado una maji. Ukitulia wiki mbili mfululizo, mwite seremala. Hakuna mashine inayohitajika.

Mvule sitaki kusikia. Iliyobaki kwetu inahesabika, na ya nje hujui imekatwa wapi. Msitu wa Kakamega nauona nikisimama mlangoni kwangu. Ukataji ulipigwa marufuku Februari 2018, na Julai 2023 rais akatangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa; katikati hapo msumeno haukulala, ulihamia usiku tu. Kwa hiyo omba kibali cha KFS, shirika la misitu, cha kusafirisha mbao, na kama hakipo, bei nafuu isikudanganye.

Mzee_wa_Reli

Binti yangu, Omusakhulu amesema kweli juu ya mvule mpya. Lakini mvule mzee upo. Nyumba za zamani mjini zinabomolewa kila mwaka, na milango, vizingiti na rafu zake huishia kuwa kuni za mkandarasi. Zungukia wanaouza vitu vya kubomolewa. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka 50 haipindi kwa urahisi, imeshamaliza utundu wake mwingi. Beba sumaku, utafute misumari iliyozama kabla seremala hajavunja msumeno wake na kukulaumu.

Mambo matatu uyakwepe. Moja, mataruma ya reli. Najua vijana wa Nairobi wanatengeneza meza nayo. Yale ya mbao yamelowekwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuzuia kuoza, yakipata joto yananuka na ni sumu, jikoni hapana. Pili, masalio ya nguzo za umeme zenye ukijani. Hizo zimetiwa dawa yenye arseniki. Usizijengee kabati na usizichome kabisa, moshi na jivu lake ni hatari.

Tatu, tazama juu. Nyumba ya 1986 inaweza kuwa na paa au silingi ya asbesto. Ikiwa nzima na haijatikiswa, iache hivyohivyo, usitoboe, usikate, usipige brashi. Ukitaka kuitoa, ni kazi ya walio na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, si ya kijana mwenye nyundo.

Nyar_Kano

Mzee, asante sana. Nimepanda ngazi. Paa ni mabati, silingi ni mbao. Nimepumua.

Mwalimu_Kemia

Niongeze juu ya rangi, kwa kuwa Mzee kagusa sumu. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, yaani ledi. Kiwango cha sasa cha KEBS, shirika la viwango, ni sehemu 90 kwa milioni, lakini ukuta wa 1986 haukukijua kiwango hicho. Usiusugue ukiwa mkavu. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye gazeti, na mama akae kwa jirani siku hiyo. Rangi mpya iwe ya maji. Ukitaka ukuta unaopumua, chokaa ya Koru haiko mbali nawe. Chokaa ikikauka ukutani hurudia kunywa hewa ya ukaa kidogo kidogo. Ila nyuma ya jiko itakamata masizi, hapo weka kitu cha kuosheka.

Kijana_wa_Tabaka

Mnazungumzia mawe yote mmesahau la kwetu Kisii. Jiwe la sabuni halinywi maji, halidhuriki na ndimu wala siki, na ukiliwekea sufuria iliyotoka motoni halipasuki. Nchi nyingine maabara zinajengewa meza za jiwe hilo. Kutoka Tabaka mpaka kwako hata kilomita 200 hazifiki.

Nitasema na ubaya wake, mimi si dalali. Ni laini, kisu kitaacha mstari. Mstari unauondoa kwa msasa na mafuta kidogo, lakini uwe mtu wa kuvumilia mistari. Na wachongaji wetu wamezoea sanamu, sahani na bakuli. Bamba refu la mita mbili ni vigumu kulipata bila ufa. Omba vipande vya futi moja kwa moja. Yeyote atakayelikata alowanishe jiwe na avae barakoa. Vumbi lile linakaa kifuani.

Bwana_Hesabu

Sawa, nimeshindwa kwa simiti, lakini niseme moja kuhusu hii hoja ya vitu vya karibu. Meli ikibeba tani moja inatumia mafuta kidogo sana kwa kilomita kuliko lori. Jiwe la kutoka India linaweza kuumiza zaidi likipanda lori kutoka Mombasa hadi Kisumu kuliko likiwa baharini. Kwa hiyo umbali peke yake hautoshi, uliza limesafiri kwa nini.

Fundi_Kondele

Hapo umesema. Leo ugali wako nimeuheshimu.

Akinyi_wa_Dunga

Kwa milango ya makabati, gugumaji. Tangu lilipoingia ziwani karibu 1990 limetusumbua, basi na lifanye kazi. Wanawake huku wanasuka mabua yaliyokauka. Fremu ya mbao, katikati msuko. Hewa inapita ndani ya kabati, na kwa joto letu hilo ni jambo kubwa, kombamwiko na ukungu hawapendi hewa. Tahadhari: karibu na jiko la kupikia usiweke, mafuta yakikamata kwenye msuko hayatoki. Na likiwa halijakauka kabisa kabla ya kusukwa, litaota ukungu.

Habari ya mianzi ya ng'ambo imenichekesha. Chuo Kikuu cha Maseno walikuwa na mradi wa kuwageuza wakulima wa tumbaku wa Migori na Homa Bay wapande mianzi. Imo humuhumu Nyanza.

Mama_Kiamunyi

Wadau, hakuna aliyeuliza mama anapikia nini.

Nyar_Kano

Makaa. Gesi ipo lakini anasema samaki wa gesi hana ladha.

Mama_Kiamunyi

Ehe. Kaunta iwe ya dhahabu au ya gugumaji, makaa ya mwaka mmoja yatazidi hesabu yote ya Mwalimu, na moshi wenyewe ni wa kifua cha mama. Umeme wetu zaidi ya asilimia 80 hautokani na mafuta. Sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, hapa kaunti yetu ya Nakuru. Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharagwe kwa saa moja. Anza na maharagwe, samaki usimguse. Na toboa dirisha la pili mkabala na lile la kwanza, au weka matofali ya matundu juu ya mlango, na wavu kwa ajili ya mbu.

Nyar_Kano

Nawaletea ripoti, miezi minne baadaye, maana nyuzi nyingi humu huishia hewani.

Slabu ililia kavu. Tumemwaga terazo, mfuko mmoja wa simiti, na ulibaki kidogo, Mwalimu chukua alama zako. Vigae vyeupe vilivyotoka tumevivunja na kuvipanga ukutani nyuma ya sinki. Kuna watu wanadhani nililipia msanii.

Mlango mmoja wa mvule kutoka nyumba iliyobomolewa umekuwa rafu tatu. Sumaku ya Mzee ilipata misumari 11. Milango ya makabati ni fremu za grevilea na msuko wa gugumaji, isipokuwa miwili iliyo karibu na jiko ambayo ni mbao tupu. Hapo nina kesi. Mizani ilitulia wiki moja nikakosa subira, nikamwita seremala. Milango miwili imepinda, mmoja haufungi mpaka uusukume kwa goti. Omusakhulu, usiseme chochote.

Jiwe la Tabaka ni kipande kimoja tu, kando ya jiko, la kutua sufuria. Lina mistari minne tayari na nimeizoea.

Doa la kwanza la terazo lilikuja Jumapili ya pili. Shangazi alikamulia ndimu juu ya ngege, samaki wa ziwani, maji yakabaki kwenye kaunta usiku kucha, asubuhi pana duara jeupe lililokwaruzika. Fundi anasema atalisaga akipita. Hajapita.

Maharagwe na nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, sasa ni ya umeme. Mama alikagua ya kwanza kwa kijiko, akanyamaza, akaongeza sahani. Samaki bado ni wa makaa, lakini nje, chini ya mwembe.

Fundi_Kondele

Nitapita Alhamisi. Ngege awepo.

Shemeji_wa_Wote

Na sinki la zamani umelipeleka wapi? Nilikuwa nalivizia.

Nyar_Kano

Umechelewa Shemeji. Liko nyuma ya nyumba, mama amelijaza udongo na kupanda dania.